Kamera ya Zizi na Stoo: Panga Mahali Kabla ya Kununua

Somo hili ni la wenye maboma, vikundi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na vyama vya ushirika vya kahawa wanaofikiria kuweka kamera ya usalama kwenye zizi, stoo ya mahindi au ghala lililo mbali na nyumba. Kamera ndogo za sola zinazotumia laini ya simu sasa zinapatikana kwa urahisi, na hata kikundi kidogo kinaweza kuchanga na kununua. Kununua si kazi. Kazi ni kujua itafungwa wapi, itatazama upande gani, na picha yake itasaidia nini siku ambayo zizi litakutwa wazi.

Kwa kawaida mambo huenda kinyume. Kamera hununuliwa kwanza, kisha mwenye boma hutafuta mahali pa kuipigilia. Mahali panapopatikana ni pembe ya nyumba, juu, chini ya paa, kwa sababu hapo umeme uko karibu. Ukitazama kutoka hapo, picha ya mchana inapendeza: ua wote unaonekana, migomba, zizi kule chini, hata kilima cha ng'ambo. Usiku ukifika, mtu anayefungua zizi umbali wa mita 22 ni doa linalosogea. Asubuhi mwenye boma ana picha inayomwambia kwamba ng'ombe ametoka, jambo ambalo zizi tupu lilikuwa limekwisha kumwambia.

Picha ya namna hiyo haikosi kazi, na hapo ndipo penye hatari. Hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, mmoja anasema mwendo huo ni wa fulani, wa pili anakubali, na kabla ya saa sita mchana jina limepatikana. Kisii na Nyamira ni kaunti zenye watu wengi juu ya ardhi ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Njia za miguu hupita kando ya mazizi, na watu huzitumia usiku kwa sababu zao halali: kuna mgonjwa, kuna matanga, kuna anayewahi gari la kwanza la Nairobi, kuna aliyechelewa kilabuni. Eneo hili pia linajua umati unaweza kufanya nini kwa tuhuma tupu. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na umati. Tuhuma ile ilikuwa ya uchawi, si ya wizi, lakini umati hauchagui aina ya tuhuma.

Kwa hiyo mpango mzima unaanzia kwenye swali moja: picha hii itathibitisha nini? Kama jibu ni sura ya mtu, kamera lazima iwe karibu, mita 4 au 5 kutoka pale mtu atakaposimama. Kama haiwezi kuwa karibu, basi ni kengele ya kumwamsha mwenye boma. Ichukuliwe kama kengele, na picha yake isipewe jina la mtu yeyote.

Kabla ya kamera

Zamani Wagusii walilinda ng'ombe katika ebisarate, makambi ya mifugo ambako vijana walilala pamoja na ng'ombe wao, hadi utawala wa kikoloni ulipoyapiga marufuku mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya hapo ng'ombe walirudi bomani, na leo ng'ombe wawili au watatu wa gredi hulala kwenye banda la mbao na mabati nyuma ya nyumba. Mpaka wa Borabu na Sotik, na upande wa Kisii unaopakana na Transmara, umejulikana kwa miaka mingi kwa wizi wa mifugo. Hata mbali na mipaka hiyo, ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye karo ya shule.

Kamera haifungi mlango. Pesa zikiwa za kitu kimoja tu, ziende kwanza kwenye mlango imara, kufuli na pete ya kufuli iliyofungwa kwa bolti zinazopenya mbao hadi upande wa ndani, si kwa misumari inayong'olewa kwa jembe. Pili ni taa. Tatu ni jirani anayejua namba ya kupiga. Kamera ni ya nne. Wauzaji wa kamera hawatasema hivyo, na haishangazi.

Mwizi atapita wapi?

Hatua ya kwanza ya mpango haihitaji pesa. Ni karatasi, kalamu na saa moja ya kutembea, mara moja mchana na mara moja usiku bila tochi. Kwenye karatasi huchorwa nyumba, zizi, stoo, choo, bafu, ua, lango, njia za miguu na barabara. Kisha mwenye boma hujiuliza si mwizi atatoka wapi, bali mali itatokea wapi. Mtu mwepesi anaweza kuruka ua popote. Ng'ombe hawezi. Ng'ombe anahitaji mwanya, na mwanya lazima uelekee njia, na njia lazima ifike mahali gari linaweza kusimama. Gunia la mahindi la kilo 90 nalo halirushwi juu ya ua. Linabebwa mgongoni, kwa kawaida hadi kwenye pikipiki au gari, na mbebaji hurudi kuchukua la pili kwa njia ileile.

Maboma mengi ya milima hii yamekaa kwa namna moja: barabara juu, nyumba karibu na barabara, zizi chini kidogo ya nyumba, kisha nepia, migomba, na mto bondeni. Mwenye boma hulinda upande wa barabara kwa sababu ndiko wageni hutokea. Upande wa mto hubaki wazi. Kwa hiyo kwenye mchoro kuna sehemu tatu za kutiliwa alama: mlango wa zizi au stoo, lango la barabarani, na mwanya wa chini kuelekea mtoni. Mwenye kamera moja aiweke mlangoni mwa zizi. Akipata ya pili, aiweke pale ambapo njia zote mbili hukutana kabla ya kufika barabarani, kama mahali hapo papo. Mwanya wa mtoni hauhitaji kamera. Seng'enge na miiba hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi.

Umbali na sura

Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za usalama, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilipima uwezo wa picha kwa idadi ya pikseli katika kila mita ya upana pale mtu aliposimama. Pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba kuna mtu. Pikseli 125 zinamwezesha anayemfahamu mtu huyo kusema ni yeye. Ili kumtambua mtu asiyefahamika, bila shaka ya maana, zinahitajika pikseli 250 kwa mita.

Hesabu yake si ngumu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya 1,920 kwa 250, jibu ni mita 7.7. Maana yake, pale mtu aliposimama, picha isichukue upana wa zaidi ya mita 7.7. Kamera nyingi za bei nafuu huja na lenzi ya milimita 2.8, ambayo huona kwa upana mno: upana wa picha ni karibu mara mbili ya umbali. Kwa hiyo upana wa mita 7.7 unafikiwa kwenye umbali wa mita 4 hivi. Baada ya hapo sura huanza kupotea. Katika ule mfano wa pembe ya nyumba na zizi lililo mita 22, picha inachukua upana wa mita 44, na kila mita inapata pikseli 44 tu. Inatosha kugundua mtu. Haitoshi hata kwa mama yake kumtambua.

Wengi hudhani dawa ni kununua megapikseli nyingi zaidi. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2,560 kwa upana. Kwa lenzi ileile, sura itaonekana hadi mita 5 badala ya 4. Bei imepanda, umbali umeongezeka kwa hatua moja ya mtu. Lenzi ya milimita 6 inasaidia zaidi: huona eneo jembamba, na kwa megapikseli 2 hufikisha sura hadi mita 8 hivi. Hiyo inafaa lango au njia nyembamba. Kwa mlango wa zizi, lenzi ya kawaida iliyowekwa karibu inatosha, na nguzo ya mkaratusi inayosimamishwa mita 4 mbele ya mlango ni rahisi kuliko lenzi yoyote.

Takwimu hizi ni za mchana na za mtu aliyetulia. Usiku, na mtu akitembea haraka, picha hufifia, kwa hiyo ni vizuri kupunguza umbali badala ya kuunyoosha.

Urefu kutoka ardhini una hesabu yake pia. Kamera ikiwa mita 4 juu na mtu akiwa mita 4 mbele, inamtazama kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kwenda chini. Kofia moja inaficha kila kitu. Ikishushwa hadi mita 2.4, pembe inakuwa nyuzi 11, na uso unaonekana chini ya ukingo wa kofia. Hofu ya kwamba kamera ya chini itaibwa ni ya haki. Ndiyo sababu nguzo inafaa kuwa upande wa ndani wa ua, na ikiwezekana kamera ya pili itazame ya kwanza. Pale ambapo hilo haliwezekani, heri kamera ya mita 2.4 inayoweza kuibwa lakini iliyokwisha kutuma picha kwenye simu, kuliko ya mita 5 iliyo salama na haikuona uso wa mtu.

Jua, mvua na radi

Kisii na Nyamira ziko karibu kabisa na ikweta, chini ya nyuzi 1 kusini. Jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima. Kamera inayotazama mashariki itapofushwa kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, saa ambayo wakamuaji wako zizini na magari ya maziwa yanapita. Inayotazama magharibi itapofushwa jioni. Inayotazama kaskazini au kusini haisumbuliwi na jua mwezi wowote. Katika nchi za mbali na ikweta jambo hili hubadilika kwa majira. Hapa ni rahisi, na ni vizuri kuitumia nafasi hiyo. Kama mlango wa zizi unatazama mashariki, kamera iwekwe kando ya mlango ikitazama kaskazini au kusini, imwone anayeingia kwa ubavu na uso wake anapogeuka kufungua kufuli.

Paneli ya sola nayo, kwa sababu ya ikweta, hulala karibu kabisa. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na sababu ya mwinamo huo ni mvua kuosha vumbi na majani. Kosa linaloonekana mara nyingi ni paneli kufungwa chini ya kivuli cha mgomba au mparachichi. Saa sita mchana pana jua, saa tisa pana kivuli, na betri haijai.

Mawingu ya mchana ni ya kawaida katika milima hii, na ukungu wa asubuhi huko Nyansiongo na Keroka haumshangazi mtu. Kwa hiyo betri ipimwe kwa siku mbaya. Kamera inayotumia wati 5 saa zote 24 inahitaji wati-saa 120 kwa siku. Betri ya kawaida ya asidi, ya volti 12 na ampea-saa 40, ina wati-saa 480, lakini isitumiwe zaidi ya nusu ikitakiwa idumu. Nusu hiyo ni siku mbili bila jua. Paneli ya wati 50 au 60 itairudisha siku ya jua. Kamera zenye paneli ndogo iliyobandikwa juu yake haziwezi kurekodi saa zote. Hulala, na huamka zinapohisi joto la mwili unaosogea. Zinafaa, mradi mnunuzi ajue kwamba sekunde ya kwanza au mbili huenda zikapotea wakati kamera inaamka. Ikiwa mbali na njia, itamshika mtu akiwa amekwisha kugeuka. Ikitazama njia kwa urefu, mtu akiijia kamera, itamshika uso.

Radi ndiyo adui ambaye mafundi kutoka nje ya eneo hili humsahau. Bonde la Ziwa Victoria lina ngurumo nyingi za radi, na Kisii imewahi kupoteza watu, mifugo na vifaa. Waya mrefu wa kamera unaoning'inia kutoka nyumbani hadi zizini, hata kama ni mita 40 tu, huokota umeme wa radi iliyopiga mbali na kuuleta kwenye televisheni. Waya ukitakiwa, uzikwe ndani ya bomba la plastiki na uwekewe kinga ya radi pande zote mbili, na waya wa ardhi uwe wa kweli, si msumari uliopigwa kwenye changarawe. Ni rahisi zaidi kuacha zizi lijitegemee kwa sola na kutumia mawimbi badala ya waya.

Mawimbi hayo yana tabia zake. Mabati huyazuia kabisa, na majani ya migomba yaliyojaa maji huyapunguza. Waifai inayofika zizini mwezi Januari huenda isifike Aprili, migomba ikiwa imelowa. Jaribio lifanyike wakati wa mvua, kwa simu, pale hasa kamera itakapokaa. Kama mawimbi ya nyumbani hayafiki, kamera yenye laini yake ya simu ndiyo jibu, lakini bando lihesabiwe: kutazama mubashara kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Kamera itumwe kupeleka picha fupi tu kunapokuwa na tukio, na video yenyewe ibaki kwenye kadi ya kumbukumbu. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, siku moja ya kurekodi bila kukoma hula gigabaiti 21.6. Kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa siku 3, kisha hufuta za zamani na kuanza upya. Boma linalogundua upotevu baada ya wiki litakuta kadi imekwisha kusahau.

Macho ya usiku

Kamera huona gizani kwa taa ya infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni. Mwanga huo hurudi ukigonga kitu kilicho karibu. Ukuta wa mabati, ukingo wa paa au gata likiwa ndani ya picha hata kidogo, picha yote hugeuka nyeupe na mlango hubaki mweusi. Kamera isogezwe mbele ya ukingo wa paa. Wadudu huvuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi huonekana kama kamba nyeupe usiku kucha na kupiga kengele ya uongo kila upepo unapovuma. Kuifuta lenzi kwa kitambaa kila wiki mbili ni sehemu ya ulinzi. Hewa ya mkojo wa ng'ombe pia hula viungo vya chuma, kwa hiyo kamera ikae nje ya zizi, si ndani, na iwe na alama ya IP66 au zaidi. Nepia inayoyumba ndani ya picha ikatwe, au sehemu hiyo izimwe kwenye mipangilio ya kamera. Kengele ikilia mara 30 kwa usiku bila sababu, usiku wa 31 hakuna atakayeamka.

Jambo moja linafaa kuandikwa na kubandikwa ukutani. Kwa infraredi, rangi hudanganya. Koti jeusi linaweza kuonekana jeupe, na sweta ya kijani ikaonekana ya kijivu. Mtu yeyote anayesema "lile ni koti la fulani" kwa kutazama picha ya usiku isiyo na rangi hana msingi wowote. Taa ya kawaida ya LED ya wati 10 inayowaka mtu anapokaribia huipa kamera rangi za kweli, na mara nyingi humfukuza mgeni kabla hajagusa kufuli.

Baada ya kufunga kila kitu, kuna jaribio moja la haki. Usiku, watu watatu wa boma, mmoja akiwa na kofia, wafike mlangoni, waguse kufuli na kuondoka. Kesho yake jirani ambaye hakuwepo aonyeshwe video na kuulizwa ni nani na nani. Akiwataja wote watatu bila kusitasita, kamera imekaa mahali pake. Akikosea hata mmoja, kamera isogezwe karibu na jaribio lirudiwe. Bora akosee jirani huyu kuliko kundi la WhatsApp.

Jirani, mzazi na sheria

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 51, inamwondolea masharti yake mtu anayetumia data kwa shughuli za nyumbani kwake tu. Kamera ya zizi inayotazama zizi ni ya nyumbani. Kamera inayotazama ua wa jirani au njia ya umma usiku na mchana ni vigumu kuitetea hivyo. Kwa chama cha ushirika, kiwanda cha kahawa au kikundi cha maziwa chenye stoo, hali ni tofauti kabisa. Kanuni za usajili za 2021 zinataja uendeshaji wa kamera za usalama kwa ajili ya kuzuia uhalifu miongoni mwa kazi zinazotakiwa kusajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, hata kama mapato au wafanyakazi ni wachache. Tangazo pia libandikwe mahali linapoonekana, likisema kuna kamera, ni ya nani na ni kwa sababu gani. Tangazo hilo halimsaidii mwizi. Humfanya afikirie boma lingine.

Zaidi ya sheria iliyoandikwa kuna chinsoni, ile heshima na haya iliyopo kati ya mzazi na mtoto katika boma la Kigusii. Bafu na choo viko nje, mara nyingi hatua chache kutoka zizini. Kijana aliye Nairobi anapofungua simu na kumwona baba yake au mama mkwe akitoka kuoga, kamera imevunja jambo ambalo ng'ombe hawezi kulipia. Njia ya bafu iondolewe kwenye picha kwa kugeuza kamera au kuziba sehemu hiyo kwenye mipangilio. Wazee waonyeshwe picha yenyewe kwenye simu kabla fundi hajaondoka, si baada ya mwezi. Kipaza sauti kizimwe. Mazungumzo ya wapita njia si mali ya boma.

Watoto walio mbali wana faida yao pia. Kengele inapolia saa 8 usiku, Minnesota, ambako Wagusii wengi wanaishi, ni saa 11 au 12 jioni kutegemea majira, na mtu yuko macho. Lakini mpango uandikwe mapema: akiona mtu zizini, anampigia nani? Asimpigie mzee wa miaka 75 atoke peke yake na panga. Ampigie jirani wa kwanza, jirani wa pili, naibu wa chifu au mzee wa Nyumba Kumi, kisha kituo cha polisi kilicho karibu, au 999 au 112. Namba za majirani ziwe kwenye simu zake tangu siku kamera inapofungwa. Neno la siri lililokuja na kamera libadilishwe siku hiyohiyo, na fundi asibaki nalo.

Siku ya tukio

Saa ya kamera ndiyo kitu cha kwanza wakili wa upande wa pili atauliza. Kamera nyingi zinazotoka China huja na saa ya huko, ambayo iko saa 5 mbele ya Kenya. Tukio la saa 8 usiku litaandikwa 07:00, na mshtakiwa atathibitisha kwa urahisi kwamba saa 1 asubuhi alikuwa kazini. Saa irekebishwe siku ya kufunga na kulinganishwa na simu kila mwisho wa mwezi, na tarehe za ukaguzi huo ziandikwe kwenye daftari.

Wizi ukitokea, kamera izimwe au kadi itolewe mapema kabla haijajifuta. Video isikatwe wala kuongezwa maandishi. Kuituma kwa WhatsApp pekee hupunguza ubora wake, kwa hiyo nakala kamili iwekwe kwenye flashi na kadi yenyewe ipelekwe polisi, na mlalamishi aondoke na nambari ya OB. Wizi wa mifugo, kwa kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, unaweza kumfunga mtu hadi miaka 14, na mahakama haitamfunga mtu miaka hiyo kwa picha isiyojulikana ilikotoka. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kilichotiwa saini na mtu aliyehusika na uendeshaji wa kifaa hicho, kikieleza ni kifaa gani, video ilitolewaje, na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Mpelelezi husaidia kukiandaa, lakini majibu hutoka kwa mwenye kamera. Kwa hiyo daftari lile la saa liwe pia na aina na nambari ya kamera, tarehe iliyofungwa, jina la fundi, na jina la mtu mmoja tu wa boma au wa chama anayeruhusiwa kugusa kadi.

Picha za ng'ombe wenyewe, mchana, pande zote mbili pamoja na nambari ya herini, zihifadhiwe kwenye flashi hiyohiyo. Ng'ombe akipatikana sokoni au kwenye lori bila kibali cha kusafirisha mifugo, swali la kwanza la afisa litakuwa jinsi mwenyewe anavyoweza kuonyesha kwamba ni wake.